Mshono Umepona, Mbona Jasho Linakutoka?

Upasuaji wa ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya kizazi, hufanywa kwa sababu nyingi. Kuna anayepasuliwa kwa ajili ya uvimbe wenye maji, kuna ambaye ovari yake imejisokota, na kuna mwenye saratani. Wengi hupona vizuri. Tatizo ni kwamba mama huruhusiwa kwenda nyumbani akiwa amefundishwa kutunza mshono tu. Zikianza dalili nyingine asizozitarajia, huanza kuhangaika. Mmoja atameza dawa za malaria bila kupimwa, mwingine ataambiwa amerogwa, na mwingine atanyamazia dalili ya hatari mpaka achelewe.

Uliza kilichotolewa

Kabla hujaondoka wodini, muulize daktari au muuguzi: "Nimetolewa nini?" Usiridhike na jibu la "umetolewa uvimbe". Je, ni uvimbe peke yake na ovari imebaki? Ni ovari moja? Ni zote mbili? Kizazi kimeachwa? Omba majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi yako ya ruhusa, na uitunze karatasi hiyo kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Uliza pia kama kinyama kimepelekwa maabara, na majibu yake yatatoka lini. Usiache kuyafuata kwa sababu tu unajisikia nafuu.

Ukibakiwa na ovari moja nzima, hiyo moja huweza kufanya kazi ya zote mbili. Kwa kawaida utaendelea kupata hedhi, ingawa ya kwanza inaweza kuwahi au kuchelewa, na unaweza kushika mimba. Basi yule mama mkwe anayesema umekuwa nusu mwanamke, mwambie kwa upole kwamba hajui.

Jasho la ghafla

Ovari zote mbili zikitolewa kwa mama ambaye bado alikuwa anapata hedhi, hedhi hukoma siku hiyohiyo. Jambo ambalo kwa wenzake huja polepole kwa miaka, kwake huja kwa siku chache. Joto hupanda kifuani na usoni, jasho hulowesha shuka usiku, moyo hudunda, usingizi hupotea. Anaweza kulia bila sababu na kuwakasirikia watoto kwa jambo dogo. Baadaye uke huwa mkavu, na tendo la ndoa huuma.

Malaria haileti hayo yote, wala si uchawi. Ni homoni iliyoondoka. Hata hivyo, pima joto la mwili. Jasho hili huja na kupita kwa dakika chache, na kipimo hakionyeshi homa. Kikionyesha homa, rudi hospitali ukachunguzwe.

Usiseme kwamba ndiyo maisha yako tangu sasa. Mama aliyetolewa ovari zote kabla ya miaka 45 yuko katika hatari zaidi ya mifupa kuwa dhaifu na ya ugonjwa wa moyo, kwa hiyo madaktari hushauri apewe homoni mpaka kufikia umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani karibu na miaka 50. Aliyebaki na kizazi kwa kawaida hupewa homoni za aina mbili, ili kukilinda kizazi chenyewe. Homoni hazifai kwa kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kwa mfano, huhitaji njia nyingine. Kwa hiyo usinunue dukani wala kuazima vidonge vya jirani.

Dalili zinazoshangaza lakini hupita

Maumivu ya bega. Ukipasuliwa kwa matundu madogo na kamera, tumbo hujazwa gesi ili daktari aone vizuri. Gesi inayobaki huusumbua msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na maumivu husikika begani. Huisha kwa siku chache. Kutembea taratibu husaidia.

Damu kidogo ukeni. Huweza kutoka kwa siku kadhaa hata kama kizazi hakikuguswa kwa kisu. Tumia pedi au kitambaa safi, wala usiingize kitu chochote ukeni.

Choo kigumu. Matumbo hulala baada ya upasuaji, na baadhi ya dawa za maumivu huyazidishia usingizi. Kunywa maji, kula papai na mboga za majani, tembea. Usijikamue.

Ganzi kuzunguka mshono. Mishipa midogo ya fahamu ilikatwa. Ganzi hiyo inaweza kukaa kwa miezi.

Dalili za kurudi hospitali usiku huohuo

Hizi usizisubirishe mpaka asubuhi wala mpaka mume arudi safari:

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, mshono unaotoa usaha au kufumuka, au uchafu ukeni wenye harufu mbaya.

Tumbo linalozidi kuvimba na kuuma, huku unatapika na hutoi hata upepo.

Damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, au kizunguzungu na kuzimia.

Kushindwa kukojoa.

Mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Hapa nasisitiza: usichuliwe! Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuchua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Ukibanwa pumzi ghafla au kifua kikichoma unapovuta hewa, kimbizwa hospitali mara moja. Hatari hii huendelea kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Kinga yake ni kutembeatembea kila siku na kuchezesha nyayo ukiwa kitandani.

Nyumbani

Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Aliyefunguliwa tumbo asiiguse kwa wiki sita, wala asitwange wala kubeba mtoto mkubwa mgongoni. Mshono wa nje huonekana umefunga mapema, lakini tabaka za ndani bado zinaungana. Ukitaka kukohoa, bana mto juu ya mshono. Usikandwe tumbo kwa maji ya moto, na usifungwe kanga ya kubana. Tendo la ndoa lisubiri ruhusa ya daktari, na ukavu ukibaki, useme kliniki. Yako mafuta maalumu ya kusaidia.

Nanyi mnaokwenda kumwona mgonjwa, msiishie kwenye pole na maandazi. Chota maji, fua nguo, wapikie watoto. Kisha muulize kwa sauti ya chini: "Unalala usiku? Miguu haijavimba?" Akijibu kwa kusitasita, mwombe karatasi yake ya ruhusa, msindikize mpaka kliniki.