Chai ya Boston, Nyanya za Ilula

Ndugu walimu, tusidanganyane. Mwanafunzi wa Ilula anakariri: mwaka 1773 watu wa Boston walimwaga chai baharini, wakikataa kodi ya bunge ambalo hawakuwa na mwakilishi ndani yake. Anapata alama zake, basi! Lakini hapo barabarani matenga ya nyanya yanapakiwa, na ushuru wa mazao unakwenda halmashauri. Nani anapitisha matumizi yake? Baraza la madiwani. Nani anamchagua diwani? Mama yake huyo huyo mwanafunzi. Darasani, kimya! Marekani ifundishwe, sina ugomvi. Ila Uraia usiofika sokoni ni ukasuku mtupu. Kesho mwulizeni mtoto: ushuru wa nyanya zetu umejenga nini?