Gegedu la sikio halitogwi kwa bunduki ya saluni

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walimkusudia mkaidi asiyeonyeka, lakini katika kazi yangu nimeliona sikio lenyewe, sikio la nyama na gegedu, likifa huku dawa imeshindwa kulifikia. Ndiyo maana juma hili nataka tuzungumzie mtindo wa kutoga sehemu ya juu ya sikio, mtindo ambao umeenea miongoni mwa vijana wetu kutoka Bungoma hadi Kitale.

Ilikuwa Desemba 2023. Msichana aliyekuwa ametoka tu kufanya mtihani wa KCSE aliletwa na mamake katika kliniki yangu hapa Myanga. Alikuwa amejitanda leso kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Alipoiondoa, nikaona nusu ya juu ya sikio lake la kushoto imefura, inang'aa, na hata kabla sijaigusa akarudisha kichwa nyuma kwa uchungu. Ndewe, yaani ile sehemu laini ya chini, ilikuwa salama kabisa. Siku tisa kabla ya hapo alikuwa amekwenda na wenzake katika saluni moja kusherehekea kumaliza shule. Msusi alitwaa bunduki ya kutogea, akaipangusa kwa pamba yenye spiriti, akafyatua. Maumivu yalipozidi, mama mtu alinunua vidonge vya amoksilini dukani, binti akameza siku nne bila nafuu.

"Daktari, naambiwa ni sumu ya chuma," mama akasema. "Tukikitoa hiki kipini si atapona?"

Yafaa nikiri jambo hapa. Miaka michache kabla ya siku hiyo, mgonjwa kama huyo alipokuja kwangu, mimi mwenyewe nilimwandikia amoksilini na kumwambia arudi baada ya juma moja. Aliporudi sikio lilikuwa limejaa usaha. Leo limekunjamana kama jani la kabichi lililonyauka, naye hufuga nywele ndefu ili kulificha. Kosa lile lilikuwa langu, si la msusi peke yake.

Kwa nini sehemu ya juu ya sikio iwe tofauti na ndewe? Ndewe ni mafuta na ngozi, nayo ina damu nyingi. Ikitogwa hupona kwa majuma sita hadi manane, na ikipatwa na vijidudu, damu huleta askari wa mwili na dawa uliyomeza. Gegedu halina mishipa ya damu yake lenyewe. Hulishwa na utando mwembamba unaolifunika pande zote mbili, kama mtu anayepokea chakula kupitia dirishani. Usaha ukikusanyika kati ya utando na gegedu, dirisha hufungwa. Gegedu hukosa chakula, hufa, na lililokufa halioti tena. Hata pasipo na usaha, tundu la gegedu huchukua miezi sita hadi mwaka mzima kupona, na muda wote huo ni kidonda, hata kama mwenyewe ameshakisahau.

Tena kijidudu kinachopenda mahali hapo huitwa sudomonasi. Huishi katika maji na sehemu zenye unyevunyevu, na amoksilini haikiui. Binti yule nilimpa siprofloksasini siku iyo hiyo na kumpeleka kwa daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo. Usaha ulitolewa. Sikio liliokoka, ila ukingo wake umebaki na kijibonde.

Sasa tuiangalie bunduki. Haina sindano. Ina springi inayosukuma kipini kwa nguvu hadi kipenye, na ncha ya kipini hicho ni butu ikilinganishwa na sindano ya hospitali. Katika ndewe laini hilo huenda likavumilika. Katika gegedu ni kama kupigilia msumari kwenye kigae: kinaweza kutoboka, na kinaweza kupata nyufa. Halafu bunduki nyingi ni za plastiki, haziwezi kustahimili mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 unaohitajika kuua kila kijidudu. Kuipangusa kwa spiriti hakutoshi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, na chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Aliyezaliwa kabla ya hapo yamkini hakuipata.

Msidhani haya ni ya mashambani pekee. Mwaka wa 2000 huko Oregon, Marekani, watu 118 walihojiwa na kuchunguzwa baada ya kutogwa katika kibanda kimoja cha vito. Saba walithibitishwa kuwa na maambukizi ya sudomonasi, wengine 18 wakashukiwa kuwa nayo. Wote saba walikuwa wametogwa gegedu, tena kwa bunduki, na chupa ya dawa ya kunyunyizia, dawa iliyokusudiwa kusafisha, ndiyo iliyokutwa na kijidudu. Wanne walilazwa hospitalini. Wengi wao walikuwa wameanzishiwa dawa zisizokiua kijidudu hicho, kama nilivyofanya mimi.

Kuna wazee watakaonisoma na kusema: waache, huo ni uhuni wa kizungu. Sikubaliani nao. Picha za kale za mabibi wa Lamu na Unguja zinaonyesha masikio yenye matundu kadhaa kuuzunguka ukingo, yaliyotiwa vikaratasi vya rangi vilivyokunjwa. Wamaasai hutoga ndewe na sehemu ya juu pia, na majirani zetu Wasabaoti wa Mlima Elgon walitoga ndewe na kuzirefusha. Urembo wa sikio ni wetu tangu jadi. (Ni wangapi walioharibikiwa na masikio zamani hizo hatujui, kwa maana hakuna aliyekuwa akihesabu.) Kwa hiyo simkatazi binti wa mtu. Ninachokataa ni ile bunduki.

Mtogaji aliyesomea kazi hutumia sindano yenye uwazi ndani, mpya kwa kila mteja, ambayo huifungua katika pakiti mbele ya macho yako. Huvaa glavu, huziacha na kuvaa nyingine akishika simu, hukuuliza umri na maradhi uliyo nayo, na ana mtungi wa mvuke wa kutakasia vifaa ambao hataona haya kukuonyesha. Kipini chake ni cha titani au dhahabu halisi, si chuma chenye nikeli kinachowasha, tena ni kirefu kidogo kwa kuwa anajua sikio litavimba. Huko Marekani watogaji wa namna hii wana chama chao tangu 1994, nacho kinapinga bunduki. Hapa kwetu wapo katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa. Naelewa nauli si mchezo. Lakini kama huna nauli ya kwenda kwa anayejua, subiri uwe nayo. Gegedu halina haraka. Toga ndewe kwanza.

Ukishatogwa, kazi ni yako. Osha kwa maji ya chumvi: robo ya kijiko cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, mara mbili kwa siku, kwa mikono iliyooshwa. Usitie spiriti, dawa ya meno wala majivu. Usikizungushe kipini, kwani kila ukikizungusha unachubua upya. Lalia upande wa pili, na msusi akikupulizia dawa ya nywele, funika sikio. Na kama katika familia yenu makovu hufura na kukua kuliko kidonda chenyewe, nakusihi uache kabisa. Sisi Waafrika tuna mwelekeo mkubwa wa makovu hayo, na utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa huwapata zaidi waliotogwa wakiwa na miaka 11 na kuendelea, umri ambao ndio wa wanaotoga gegedu.

Nina ombi kwa maafisa wa afya ya umma wa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Mnapokagua saluni, mnaangalia choo na ndoo ya maji. Fungueni droo pia. Mkikuta bunduki, mwelezeni mwenye saluni kuwa haiendi juu ya ndewe, na mliweke hilo katika masharti ya kibali. Wasusi wengi ni akina mama wanaotafuta karo kwa jasho lao, na hakuna aliyewahi kuwafundisha gegedu ni nini. Nanyi wenye maduka ya dawa, sikio lililovimba juu ya ndewe halifai kuuziwa vidonge kaunta. Mpelekeni mgonjwa kwa daktari.

Nirudi kwa swali la yule mama. Jibu ni hapana, usikitoe kipini nyumbani, maana tundu linaweza kuziba na kufungia usaha ndani. Daktari ndiye atakayeamua kukitoa na lini. Ukiona sehemu ya juu ya sikio imefura, ina moto, inauma hata ukiigusa kidogo, na ndewe iko sawa, nenda siku iyo hiyo, usingoje Jumatatu.