Wiki ya Kupunguza, Siyo ya Kuongeza



Februari inapokaribia kwisha, hapa Moshi utawaona wanawake barabarani tangu alfajiri, raba miguuni na kanga kiunoni. Mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mwaka 2003, na siku hizi wamo walimu, wenye maduka, wanakwaya, hata bibi wenye wajukuu. Wengi hujiandikisha kilometa 21, wachache kilometa 42. Mwezi huu tunasema nao juu ya zile siku 7 za mwisho, maana ndizo zinazowaharibia wengi.

Zoezi gumu la wiki hii halikuongezei nguvu yoyote Jumapili. Faida yake huonekana baada ya siku nyingi, lakini uchovu wake unaupata kesho yake. Kwa hiyo kama umezoea kilometa 50 kwa wiki, sasa 20 zinatosha kabla ya siku yenyewe. Jumanne kimbia kilometa 7 au 8, na katikati weka dakika chache za mwendo ule utakaokimbia nao siku ya mbio, ili miguu isisahau. Alhamisi kilometa 4 au 5 za taratibu, kisha pumzika. Usiende kujaribu tena ule mlima wa Mweka kwa hofu. Ama umeshauzoea, ama utaupanda kwa kutembea, na kutembea si aibu.

Hapo kwenye kupumzika ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Makocha husema "pumzika" kana kwamba mkimbiaji akishavua raba huketi. Sisi tunajua mama akivua raba anaanza siku. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20. Kuinama juu ya beseni la nguo za watu sita kunachosha kiuno na nyuma ya mapaja, yaani misuli ileile unayoitaka Jumapili. Kusimama jikoni tangu asubuhi kunavimbisha miguu. Mama anaweza kupunguza kilometa zote kama alivyoelekezwa na bado akafika Jumapili amechoka, kisha akasema mbio hazimfai. Zilizomshinda si mbio.

Basi kazi za nyumbani zihesabiwe kama mazoezi, na zipunguzwe kama mazoezi. Zungumza na bwana wako mwanzoni mwa wiki, siyo Jumamosi usiku wakati unatafuta pini za kubandikia namba. Mwambie wazi: kuanzia Alhamisi maji yatachotwa na nani, nguo nzito zitasubiri hadi lini, nani atakayeamka mtoto akilia. Vijana wa kiume nao wana mikono. Catherine Ndereba wa Kenya alijifungua binti mwaka 1997, na mwaka 2001 kule Chicago alikimbia kilometa 42 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia ya wanawake kwa wakati ule. Hatuamini kwamba mama hufika huko akiwa amebeba nyumba nzima mgongoni.

Chakula hakina siri. Siku 2 za mwisho ongeza wali, ndizi, viazi, ugali na uji, na punguza mafuta. Maharage na mboga za majani nyingi ziache Jumamosi, tumbo lisikusumbue njiani. Hata kiburu, samahani sana, kisubiri hadi Jumatatu.

Juu ya maji tunawasihi msikilize vizuri. Moshi mwezi huo ni joto, na watu wataambiana "kunywa, kunywa". Kunywa ukisikia kiu. Maji yakizidi mno, chumvi ya damu hushuka, na hilo linaweza kuua. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488, na asilimia 13 yao chumvi ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Walio hatarini zaidi ni wale wanaokwenda polepole na kunywa kila kituo, yaani wengi wetu. Ukiona kichwa kinauma sana, unatapika, vidole vimevimba na pete inabana, usiongeze maji. Nenda kwa watu wa huduma ya kwanza.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni visimezwe asubuhi ya mbio. Jua na jasho vimeshaziweka figo kazini, msiwaongezee mzigo.

Ukiwa na homa, nenda ukapime malaria na usikimbie, hata kama ada umeshalipa. Homa nyingine hushambulia moyo, na moyo wenye uvimbe haufai kukimbizwa. Kama siku zako zimepita, pima mimba kabla ya Jumapili, umwone mkunga. Anayenyonyesha asiogope, kukimbia hakuharibu maziwa. Anyonyeshe kabla ya kutoka, avae sidiria inayoshika vizuri, na amwachie mtoto maziwa aliyokamua. Nje ya friji yasipite saa 4, na kwa joto la Moshi yatumike mapema zaidi.

Kwa kuwa mbio ni Jumapili, wapo wanaotuuliza habari za ibada. Hilo ongea na mchungaji wako mapema, ujue ipo ibada gani nyingine, kuliko kukimbia na moyo uliogawanyika.

Raba mpya ziache sandukuni. Paka mafuta mazito kwapani, mapajani na chini ya sidiria. Kata kucha za miguu Alhamisi, siyo Jumamosi. Na usipopata usingizi Jumamosi usiku usihangaike, karibu wote hawalali. Usiku wa kuulinda ni wa Ijumaa, kwa hiyo kama kuna mkesha au sherehe ya jirani, salamu zako zipelekwe na bwana.