ALIYEJIKWAA MSIMSUKUME

Ilikuwa mfungo mosi, siku chache baada ya Idi, alipokuja nyumbani kwetu mama mmoja katika jamaa zetu. Alikuja kwa mke wangu, nami nikaitwa nisikilize, kwa kuwa yeye huniita kaka.

Mama huyu ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Ana maradhi ya sukari, na dada yake mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo kabla ya kufa. Mwaka jana daktari alimwambia apunguze mwili, naye akashika kweli. Akawacha mahamri ya asubuhi, akapunguza wali wa nazi, chai yake ikawa ya mkandaa bila ya sukari, na kila baada ya sala ya alfajiri akawa atembea na binti yake mpaka jua litoke. Kwa muda wa miezi minane alipunguza kilo 11. Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani, ikaja Idi, na nyuma ya Idi harusi ya mtoto wa nduguye. Alipopanda mizani akakuta kilo 5 zimerudi. Akaketi mbele yetu akasema, “Mimi kaka nimeshashindwa. Afadhali nile nishibe.”

Nilimuuliza ni nani aliyemwambia kuwa ameshindwa. Akanitajia maneno aliyoambiwa, na mahali alipoambiwa, na watu waliocheka. Maneno hayo ndiyo yaliyonitia kuandika leo, kwani niliyatambua yote. Yasemwa katika majumba yetu kila siku, na baadhi yake, Mwenyezi Mungu anisamehe, nimepata kuyasema mimi mwenyewe.

Kwanza lakini, tuhesabu. Kumi na moja ukitoa tano hubaki sita. Kilo sita alizozipunguza mama yule bado hazijarudi. Katika wote waliomzungumza, hapana hata mmoja aliyezihesabu hizo sita. Zote tano zilihesabiwa barabara, na kwa sauti.

“TULIJUA TU”

Neno la kwanza ni hili la “tulijua tu.” Lasemwa kwa kicheko, kana kwamba msemaji alikuwa na ilimu ya ghaibu. Maana yake ni kwamba aliyeongezeka tena ni mtu dhaifu, mpenda tumbo, asiyekuwa na azma.

Haya ni maneno ya asiyejua mwili ulivyoumbwa. Mwili wa mwanadamu hauoni kupungua kuwa ni jambo jema. Wauona kuwa ni njaa, nao hujilinda. Mwaka 2011 madaktari wa Australia walitoa habari ya watu 50 waliopunguzwa mwili kwa chakula kidogo cha wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye walipimwa damu zao, na homoni zinazomwamrisha mtu kula zilikuwa bado hazijatulia. Nao wenyewe walikuwa wasikia njaa zaidi kuliko siku ya kwanza. Basi mwenye kupunguza mwili hupigana vita ambavyo mwembamba wa kuzaliwa hajapata kuviona. Anapita mbele ya sinia ile ile ya pilau mnayopita nyinyi, lakini njaa yake si njaa yenu. Je, huyu ni wa kuchekwa, ama ni wa kusaidiwa?

Madaktari wenye kujua kazi yao hawakucheka. Huko Uingereza kulifanywa jaribio kubwa la kuwapunguza mwili wagonjwa wa sukari, na matokeo yake yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2017. Karibu nusu ya wagonjwa waliofuata mpango ule walifikia kuwa sukari yao imeshuka, nao wamewacha dawa zake, baada ya mwaka mmoja. Lakini linalotuhusu zaidi leo ni jingine. Katika mpango wenyewe, tangu mwanzo, liliandikwa litakalofanywa kwa mgonjwa ambaye kilo zaidi ya 2 zimemrudia. Hakuandikiwa kufukuzwa wala kukaripiwa. Aliandikiwa kurejeshwa katika chakula cha mpango kwa wiki chache, kisha aendelee. Wale walijua kuwa kujikwaa ni sehemu ya safari, wakakuwekea akiba mapema. Na sisi je, tumemwekea nini mgonjwa wetu ila kicheko?

“NDIVYO ALIVYOANDIKIWA”

Neno la pili lavaa kanzu ya dini, na kwa hiyo ni baya zaidi. Wasema, “Mwache, mwili ni wa Mungu, unene kwao ni wa asili, na sukari ndiyo waliyoandikiwa.”

Hapana shaka kwamba kila kitu kiko katika ilimu ya Mwenyezi Mungu, na hapana shaka kwamba maumbile hayafanani, na wengine hunenepa upesi kuliko wengine. Lakini ni nani aliyekufunulia wewe kilichoandikwa, hata ukajua kuwa kimeandikwa kiguu kilichokatwa na hakikuandikwa kiguu kilichopona? Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, kwa hoja ya kumtegemea Mungu, Mtume (s.a.w.) alimfundisha amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na yeye ndiye aliyetuamuru kujitibu. Mwenye kusema “ndivyo alivyoandikiwa” mbona mtoto wake akipatwa na homa humbeba mbio hospitali? Hoja ya maandiko ya Mungu yatumiwa kwa mwili wa jirani peke yake.

Na juhudi haipotei hata pale inapoonekana kuwa imepotea. Huko Marekani watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa maradhi ya sukari waligawanywa makundi. Kundi moja lilifundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea jumla ya dakika 150 kwa wiki. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa kwa miaka kama 3 walioingia katika sukari katika kundi hili walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyokuwa na dawa. Hayo wengi wameyasikia. Ambalo halikusikiwa ni la mwaka 2009, walipotazamwa tena baada ya miaka kumi. Uzito wao mwingi ulikuwa umerudi, lakini hata hivyo, ukihesabu miaka yote kumi, maradhi kwao yalikuwa pungufu kwa asilimia 34. Mama yetu tayari anayo sukari, na wale hawakuwa nayo; sisemi kuwa hali zao ni moja. Nasema ya kwamba anayedai kuwa kilo iliyorudi hufuta kila kitu kilichopatikana, hana ushahidi.

“WATUVUNJIA HESHIMA”

Neno la tatu husemwa na wenye kupenda, nalo ndilo linaloua kwa upole. Mama wa watu ameketi harusini, amekula kidogo, ameosha mkono. Mwenye nyumba aja na bakuli la biriani, “Hujala wewe! Au chakula chetu hukukipenda?” Akila, atiliwa tena. Kisha huja halua na visheti, na sambusa ya kupelekea watoto. Akikataa, amejiona. Akikubali, wiki ijayo ndio hao hao wa kumwambia, “Kilo zimerudi, tulijua tu.”

Enyi ndugu zangu! Ukarimu ni tabia tukufu, nao ni urithi wetu watu wa pwani. Lakini ukarimu ni kumpa mgeni anachokihitaji, si kumtia kinywani kinachomdhuru ili sifa zako zitimie. Hebu mgeni huyo angekuwa ameambiwa na daktari asile pweza kwa kuwa humfura mwili, je, ungemlazimisha pweza? Hasha! Basi wali uliozidi na sukari kwake yeye ni kama pweza huyo.

Na Ramadhani je? Mwezi tuliopewa ili tuzuie nafsi, wengi katika sisi tumeugeuza kuwa mwezi wa jikoni. Tende tatu na maji zingetosha kufungulia; sisi twaweka kaimati zilizotiwa shira, viazi karai, bajia, katlesi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, na baada ya tarawehe twaanza upya. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anaweza kupunguza mwili miezi minane, akaongezeka katika mwezi wa kufunga. Lawama hiyo haimwangukii yeye peke yake. Yaangukia sufuria, na walioipakua. Mafundisho ya kuligawa tumbo, theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, twayajua wote kwa midomo.

Wako na wale wanaomngojea mtu siku ile ile ya huzuni ili wamuuzie majani ya kukondesha na vidonge visivyokuwa na jina. Kwa hao nina neno moja: dawa isiyojulikana ndani yake mna nini haiuzwi kwa mgonjwa wa sukari, na faida inayopatikana hivyo si ya kujivunia mbele ya Mwenyezi Mungu.

SASA NAKUAMBIA WEWE MAMA

Nimewasema watu vya kutosha. Sasa nakugeukia wewe uliyejikwaa, kwani na wewe una kosa, nalo silo la kula.

Kosa lako ni neno “nimeshashindwa.” Mwaka 1975 wataalamu wawili, Herman na Mack, walieleza jaribio walilolifanya. Waliwapa baadhi ya watu kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawapa wote aiskrimu. Waliokuwa hawajali vyakula, walipokwisha kunywa kile kinywaji, walikula aiskrimu kidogo, kwa kuwa wameshiba. Lakini waliokuwa wakijizuia kula walikula zaidi kuliko wenzao wa namna yao ambao hawakunywa kitu! Nafsi ilikuwa imewaambia, “Leo umeshaharibu, basi maliza.” Chakula kile kile kilichopasa kuwashibisha ndicho kilichowafungulia mlango.

Hebu tazama lilivyo jambo hili katika ibada. Mtu aliyelala akapitwa na sala ya alfajiri, je, huwacha na adhuhuri, na alasiri, na magharibi, akangoja Ijumaa aanze vizuri? Mwanamke aliyefungua siku kadhaa za Ramadhani kwa udhuru, huwacha mwezi mzima? Hapana, hulipa zile siku, na ambazo hazijapita huzifunga. Sisi ndio umma uliofundishwa kulipa, na kurejea, na kutokata tamaa. Yakuwaje tulisahau somo hili linapofika kwenye sahani?

Na hapa kuna bishara. Wataalamu wa London mwaka 2009 waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijifundisha mazoea mapya ya kila siku. Mazoea yalichukua kwa wastani siku 66 hata kukaa, na waliokosa siku moja hawakuharibikiwa; waliendelea na mazoea yakakaa. Siku moja haivunji. Huvunja mtu anapoifanya siku moja kuwa mwezi.

Basi nakuusia haya. Usingoje Jumatatu wala mwezi mpya. Rejea katika mlo unaofuata. Usijiadhibu kwa kushinda na njaa, hasa wewe mwenye kutumia dawa za sukari, kwani sukari huweza kushuka kwa ghafla. Mwendee daktari wako umwambie lililotokea bila ya haya.

Usiikimbie mizani, lakini uielewe. Mtu aliyeongezeka kilo 2 kwa siku mbili za Idi hakuongeza kilo 2 za mafuta. Ingempasa ale kalori zaidi ya 15,000 kupita haja yake. Nyingi katika hizo ni maji yaliyoshikwa na chumvi na wanga, na chakula kilichomo tumboni, nazo hushuka zenyewe ukirejea katika ada yako. Jipime mara moja kwa wiki, siku moja, saa moja.

Pakua chakula chako katika sahani yako. Aliye siniani hajui alichokula. Usirudishe mambo yote kwa siku moja: anza na ile chai bila ya sukari na kule kutembea baada ya alfajiri, hayo yakikaa ongeza jingine. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni kidogo. Na usitembee peke yako. Binti yako akichoka, mwite jirani.

Nanyi mlio nyumbani kwake, wajibu wenu ni mwepesi. Msimcheke, msimsifu kupita kiasi, msimpime kwa macho kila anapoingia. Sufuria iwe moja, ya chakula kinachomfaa yeye, nanyi mle hicho hicho, kwani mchicha na samaki wa kuchoma hajapata mtu kufa kwavyo. Mume asiseme kwamba alioa mwanamke wa kunona. Ulioa mwanamke ili muishi, na mwanamke akatwaye mguu huuguzwa na huyo huyo mume.

Mama yetu alipoondoka siku ile hakuahidi kitu, nami sikumtaka aahidi. Aliniuliza jambo moja tu: “Hivi zile sita kweli bado ziko?” Nikamwambia ziko. Akavaa buibui lake akaenda zake, na kikapu cha visheti alichopewa njiani akakisahau kwetu, au pengine hakukisahau.

Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wetu wote, na atuzuilie ndimi zetu na waliojikwaa. Amin.