Mashine ikizima, ipimwe ingali moto

PWANI WIKI HII
Na Rashidi Mwinchande

Kuna lalamiko ambalo mafundi wa mashine za boti hulisikia Tanga, Kunduchi, Kilwa na Lamu kwa maneno yanayokaribiana sana: asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inazima, ikipoa inawaka tena. Mara nyingi jibu hutoka kabla hata kifuniko cha mashine hakijafunguliwa. Nunua CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoongoza cheche. Ikishindikana, nunua koili. Ikishindikana tena, kabureta. Mvuvi anauza samaki wa wiki nzima ili kugharamia bahati nasibu, na mashine inaendelea kuzima palepale ilipokuwa ikizima.

Tabia hii ya kubadilisha kifaa kabla ya kupima inawanyonya wavuvi wa pwani. Mbaya zaidi, inawarudisha baharini wakiamini mashine imetengenezwa, kumbe ugonjwa bado umo ndani.

Hatari yake haihitaji kukuzwa. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki unaelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya pwani ya Tanzania, na wakati wa kusi unaweza kufikia maili 4 za baharini kwa saa. Boti iliyozimika nje ya miamba kwa saa moja inaweza kujikuta mbali na mahali palipotarajiwa, na katika mkondo wa Pemba kina ni cha mamia ya mita, kamba ya nanga haifiki chini. Wanaosubiri nyumbani hawajui waanzie wapi kutafuta.

Nyingi ya mashine hizi ni zile za tu-stroki, zinazochoma petroli iliyochanganywa na oili. Yamaha walitoa mashine yao ya kwanza ya boti mwaka 1960, na Enduro zao, hasa za HP 15 na HP 40, zimekuwa tegemeo la wavuvi wa pwani na wa maziwa. Marekani ilipitisha kanuni za moshi mwaka 1996 zilizoanza kuzisukuma nje ya soko tu-stroki za kabureta. Huku kwetu zimebaki, na kwa sababu ya maana: fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua mashine nzima akiwa ufukweni. Nyingine zimeshapita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne. Zinastahili kuheshimiwa kwa kupimwa.

Lalamiko lenyewe lina mtego. Mashine huchukua muda kupata moto kamili, lakini yapo mambo mengine ndani ya boti yanayochukua muda uleule bila kuhusika kabisa na joto. Tangi linaishiwa hewa. Uchafu unajikusanya kwenye chujio. Maji yaliyolala chini ya petroli yanafika kwenye kabureta boti inapoanza kupigwa na mawimbi. Nahodha anachoona ni kwamba nusu saa imepita na mashine imezima. Akisubiri nusu saa nyingine, koili inapoa, na tangi nalo linavuta hewa kidogokidogo mpaka linapata nafuu, kwa hiyo dawa ya kungoja inaonekana kufanya kazi kwa magonjwa yote mawili. Swali la kwanza ni hili: kilichoizima ni joto au ni muda?

Jibu lake liko wazi kwa dakika chache tu. Mashine ikishapoa na boti ikishafungwa gatini, cheche zinarudi, petroli inapita, kila kipimo kinatoka sawa, na fundi anabaki na kubahatisha.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo yasiyo na gharama. Kifuniko cha tangi kina skrubu ndogo ya kuingizia hewa. Ikifungwa, au tundu lake likizibwa na chumvi, pampu inanyonya petroli bila kitu cha kujaza nafasi yake, na baada ya muda inashindwa kuvuta. Dalili ni mpira wa kujazia mafuta ulio katikati ya bomba kunywea na kubaki bapa. Fungua kifuniko: kama hewa inaingia kwa mlio, ugonjwa umepatikana. Wanaotumia madumu badala ya tangi hukutana na jambo hilohilo pale tundu la dumu linapozibwa kwa kitambaa ili petroli isimwagike.

Pale mashine inapoanza kukohoa, mtu mmoja aubinye mpira huo mfululizo. Mlio ukirudi, tatizo liko njia ya mafuta, na hakuna sababu ya kuilaumu CDI. Hapo watafutwe pampu yenye utando uliochoka, chujio lililoziba, au bomba la zamani ambalo ngozi yake ya ndani imebanduka na kuziba njia. Na hapa mafundi wengi hupotea: upande wa kunyonya hauvuji mafuta nje, unavuta hewa ndani. Mpira mdogo wa duara kwenye kiungo cha bomba ukichakaa, kiungo kinabaki kikavu na safi huku mashine ikinywa mapovu. Kuangalia kwa macho hakutoshi.

Mpira ukibinywa na mashine isijali, sasa tuigeukie cheche.

Koili ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana na kupakwa vanishi. Miaka ya joto na mtikisiko huupasua. Ukiwa baridi, ncha mbili za waya uliokatika zinaweza kuwa zinagusana. Ukipata moto, kila kitu kinatanuka na zinaachana. Cheche zinatoweka. Ikipoa, zinagusana tena kana kwamba hakukuwa na lolote. Hii ndiyo sababu kipimo cha asubuhi ufukweni hakina maana kwa ugonjwa huu. Plagi ichomolewe mara tu mashine inapozima, cheche zipimwe kwa kifaa chake kilichoshikizwa kwenye mwili wa mashine, mbali na mvuke wa petroli, silinda moja baada ya nyingine. Zisipokuwepo kwenye silinda zote, shaka inaelekea kwenye CDI, koili zilizo chini ya gurudumu, au waya wa swichi ya kuzimia. Zikikosekana kwenye moja tu, shaka ni koili ya silinda hiyo.

Shaba ina tabia inayowaponza wengi. Ukinzani wake hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili inayosoma omu 200 ikiwa na nyuzi 25 itasoma karibu 247 ikifika nyuzi 85, nayo ni nzima kabisa. Fundi akiitupa kwa sababu namba imepanda, ametupa kifaa kizuri. Kinachotafutwa ni kipimo kinachoruka ghafla au kupotea. Nchi kavu, kikaushia nywele cha saluni kinatosha kuipasha moto koili inayoshukiwa huku mita ikiwa imeunganishwa, na namba zitasema zenyewe.

Kundi la tatu ndilo la kuogopwa: mashine iliyochemsha kweli. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha silinda. Maji ya kupoza yakipungua, pistoni inavimba mpaka inabana, nguvu zinashuka, na mashine inazima. Ikipoa inawaka tena, na mwenyewe anafurahi. Hapo ndipo silinda inapokwaruzwa safari baada ya safari, mpaka siku itakapobana mara moja na isirudi. Mashine iliyozima huku kichwa cha silinda kikichemsha tone la maji lililodondoshewa isiwashwe tena kwa haraka.

Maji yanayorushwa pembeni yanaaminiwa kupita kiasi. Yanaonyesha kwamba pampu inasukuma, lakini kwenye mashine nyingi hayasemi lolote kuhusu njia za ndani zilizojaa chumvi. Na yakikatika, huenda tundu ndilo lililoziba, waya mwembamba unalizibua. Impela ya mpira iliyo kwenye mguu wa mashine huharibika kwa sekunde chache tu ikizungushwa pakavu, na wapo wanaoijaribu mashine ikiwa juu ya mchanga. Wapo pia wanaong'oa themostati wakidhani wameipa mashine ubaridi. Wanachopata ni mashine isiyofikia joto lake, plagi zinazolowa na petroli nyingi inayopotea. Themostati ichovywe kwenye sufuria ya maji ya moto ionekane kama inafunguka. Na jioni, kuiendesha mashine kwenye pipa la maji baridi ya kisima kwa dakika 10 kunasaidia kuondoa chumvi. Maji hayo ni haba sehemu nyingi za pwani, lakini pipa moja linaweza kuhudumia boti kadhaa.

Ziwa Victoria halina chumvi, ila lina gugumaji, na gugumaji huziba tundu la maji vilevile. Kwa mashine za dizeli zilizo ndani ya mashua, upo mchezo wa pampu ya sindano iliyochakaa: dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye sehemu zilizolika, na mashine inagoma kuwaka. Kitambaa kilicholowa maji baridi kikifunikwa juu ya pampu na mashine ikawaka, jibu limepatikana.

Kwa hiyo fundi apande boti. Safu hii inalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalorukwa kila mara. Pipa la maji ufukweni halitoshi, maana mashine inayozunguka polepole bila mzigo inaweza kukaa humo kutwa isizime. Mwende ghubani siku ya bahari shwari, boti nyingine ikiwa karibu, mashine ibebeshwe mzigo, ngojeni izime, kisha mpime. Fundi anayekataa kwenda asilipwe kwa kubuni.

Vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vinavyosimamia mialo, navyo vina kazi hapa. Kipima cheche, mita ya umeme na geji ya kupima mgandamizo wa silinda ni vifaa vinavyoweza kununuliwa mara moja na kutumiwa na mwalo mzima, na kipima cheche pamoja na mita ya kawaida ni nafuu kuliko CDI moja iliyonunuliwa bure. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, kina historia ndefu ya kufundisha watu wa bahari. Kozi zake fupi za kupima mashine zipelekwe mialoni badala ya kumngoja fundi aache kazi yake kwa wiki kadhaa.

Na wakaguzi, wa Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) bara na wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, wanapokagua boti zinazobeba watu, waikague mashine ikiwa imekwishafanya kazi. Abiria anayevuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni anasafiri na mashine yenye moto kwa sehemu kubwa ya safari yake. Kuiwasha dakika 2 gatini na kutia sahihi hakumhakikishii chochote.

Wakati hayo yanasubiriwa, nahodha anaweza kuanza kesho na daftari la shule lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki: imezima baada ya dakika ngapi, mpira wa mafuta ulikuwa bapa au mgumu, kubinya kulisaidia au la, cheche zilikuwepo, maji yalikuwa yanatoka. Fundi akipewa kurasa mbili za namna hiyo, ataanza kazi akijua pa kushika.