Kabla ubonyeze 'Kubali' kwenye TV ya mathe

Kama kwenu kuna TV mpya, hizi zinazoingia intaneti, najua nani aliyeiunganisha na Wi-Fi. Ni wewe. Mzazi alikuita kutoka jikoni: "Hebu kuja uniwekee YouTube kwa hii kitu." Ukakaa kwenye mkono wa kochi, ukatafuta jina la mtandao, ukaandika paswadi herufi moja moja huku ukilaani ile kibodi ya kwenye skrini. Kurasa za maandishi madogo zilipotokea, ukabonyeza 'Kubali zote' bila kusoma hata mstari mmoja. Dakika kumi baadaye mathe alikuwa anatazama kwaya, na wewe umepewa chapati ya shukrani.

Mimi nilifanya hivyo Desemba, kwetu Umoja. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini nyumbani bado naitwa injinia. Tofauti ni kwamba mathe aliniuliza swali. "Hiyo umekubali ni nini?" Nikamjibu, "Ni kitu ya kawaida tu, mum." Nilimdanganya. Sikuwa najua nimekubali nini, na nilikuwa nimekubali kwa niaba yake, ndani ya nyumba yake.

Swali hilo limenikaa. Nimelifuatilia, na nimeona linatuhusu sisi vijana kuliko wazazi wetu, kwa sababu rimoti huwa mkononi mwetu wakati wa kukubali.

TV ikapata mdomo

TV ya zamani ilikuwa na masikio tu. Hata Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka wa 2015 na kila nyumba ikahangaika kutafuta king'amuzi, antena juu ya paa iliendelea kupokea peke yake. Kituo kinarusha, wewe unatazama, hakuna kinachorudi. Kituo hakikujua kama umesinzia au umehamia kwa mpira.

Wi-Fi ndiyo iliyoipa TV mdomo. Ukishaiunganisha, inapokea na pia inajibu. Na wanaoweza kuongea nayo si YouTube na Netflix pekee. Kuna watu watatu ambao hukuwaalika: jirani, kampuni na mwizi.

Jirani

Ninapoishi, Zimmerman, landilodi alileta Wi-Fi moja ya ploti nzima. Tunachanga kila mwezi na paswadi imebandikwa ukutani kwa ngazi. Jioni moja binamu yangu alinitembelea na mtoto wake wa miaka sita, tukawa tunatazama katuni. Ghafla katuni ikakatika, ikaingia filamu ya mtu anafukuzwa na panga usiku. Mtoto alipiga nduru mpaka majirani wakatoka. Mimi nilidhani TV imerogwa.

Kumbe msee wa ghorofa ya tatu alitaka kurusha filamu kutoka kwa simu yake hadi kwa TV yake, akachagua jina ambalo si lake. Alikuja kuomba radhi, tukacheka yakaisha.

Lakini ona jinsi ilivyotokea. Huyo msee hakuvunja kitu chochote, wala hakuhitaji kuwa mjuaji. Simu na TV zikiwa kwenye mtandao mmoja, simu huiona TV kama kifaa cha nyumbani. Aliyebuni mfumo huo alidhani kila mtu aliye ndani ya Wi-Fi ni wa familia moja. Kwa ploti yenye keja 16, dhana hiyo imekufa. Na kwa kuwa TV nyingi hutoka kiwandani na jina la aina yake tu, unaweza kupata TV tano zenye jina linalofanana kwenye orodha.

Dawa ipo. Ipe TV yako jina lako. Ingia kwa mipangilio yake utafute sehemu ya vifaa vinavyoruhusiwa kurusha, uweke iombe idhini au namba ya siri kwanza. Kama una uwezo, nunua rauta ndogo yako, uichomeke kwa laini ya landilodi, kisha TV na simu zako ziwe kwa hiyo. Hapo wa ghorofa ya tatu haoni chako, na wewe huoni chake.

Kampuni

Hapa ndipo swali la mathe linauma.

TV nyingi za kisasa zina teknolojia inayoitwa ACR. Kazi yake ni kutambua unachotazama. Inachukua vipande vidogo vya picha au sauti iliyo kwenye skrini, inavigeuza kuwa alama, kama alama ya kidole, kisha inatuma alama hizo kwa mitambo ya kampuni. Huko zinalinganishwa na maktaba ya vipindi na matangazo. Zikioana, kampuni inajua: nyumba hii inatazama hiki, saa hii.

Mwaka wa 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza, Uhispania na Marekani, wakiwemo wa University College London, walipima TV za Samsung na LG wakiwa Uingereza na Marekani. Waliona TV ya LG ikituma alama kila sekunde 15, na ya Samsung kila dakika. Kilichonishtua zaidi ni kwamba iliendelea hata TV ilipotumiwa kama skrini tu, kompyuta ikiwa imechomekwa kwa waya wa HDMI. Yaani unadhani unatumia kioo tu, kumbe kioo kinachukua maelezo.

Habari njema kutoka kwa utafiti huo huo: walipoingia kwa mipangilio na kuzima idhini, mawasiliano hayo yalikoma. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Biashara yenyewe si siri. Februari 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya tume ya FTC, inayolinda wateja, pamoja na jimbo la New Jersey. Ilidaiwa kukusanya taarifa za utazamaji kutoka kwa TV milioni 11 bila wenyewe kuelewa, na kuziuza zikiambatanishwa na mambo kama umri, jinsia na mapato ya nyumba. Piga hesabu. Dola milioni 2.2 gawa kwa TV milioni 11 ni senti 20 za dola kwa kila TV. Kwa pesa zetu ni kama bob 26. Hata chapati mbili huwezi kununua na hiyo.

Na mambo hayakuishia hapo. Desemba 2025 mwanasheria mkuu wa Texas alishtaki Samsung, LG, Sony, Hisense na TCL kwa mpigo, akidai zinatumia ACR kupeleleza watu sebuleni. Hayo ni madai ya kesi, lakini tazama hayo majina. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme mtaa wa Luthuli na utayakuta yamepangwa ukutani.

Mtu ataniambia, "Sasa mathe akijulikana anatazama kwaya, shida iko wapi?" Hoja hiyo naielewa. Ila TV haikai na kwaya pekee. Inajua nyumba inaamka saa ngapi na inazima taa saa ngapi. Inajua mahubiri ya dini gani, habari za mrengo gani, na kipindi gani cha ugonjwa gani kilirudiwa mara tatu. Pia iko kwenye Wi-Fi moja na simu yako, kwa hivyo anayejua anwani ya mtandao wa nyumba anaweza kuunganisha kilichoonekana sebuleni na tangazo litakalokufuata kwa simu. Simu ni ya mtu mmoja. TV inaongea kuhusu nyumba nzima, pamoja na mtoto na mgeni ambao hawakuulizwa kitu.

Mwizi

Wa tatu anakuja kwa bei rahisi. Si kila mtu ana pesa ya TV mpya, na wengi wetu tunanunua kile kisanduku kidogo cha Android, unakichomeka nyuma ya TV ya zamani, inakuwa ya kisasa. Kingine huja na ahadi: mpira wote, filamu zote, bila kulipa hata ndururu.

Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BadBox 2.0. Vifaa vingi vilivyoathirika vilikuwa visanduku vya TV na vifaa vingine vya Android visivyo na ithibati ya Google. Vingine vilitoka kiwandani vikiwa na programu chafu tayari, vingine viliambukizwa wakati mwenyewe anaviunganisha kwa mara ya kwanza na kuambiwa apakue programu fulani. Julai mwaka huo Google ikaenda kortini New York, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimenaswa.

Kisanduku kama hicho hakihitaji kukuibia wewe. Kinakodisha mlango wako. Mhalifu anapitisha ulaghai wake kwenye intaneti ya nyumba yako, na anayechunguza upande wa pili anaona anwani yenu. Wakati huo wewe unalalamika kwamba Wi-Fi imekuwa pole.

Sheria tunayo, idhini ndiyo hatuna

Agosti 2023 vijana wenzetu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin, wakilipwa sarafu za dijitali za takriban Sh7,000. Nchi ilipiga kelele, serikali ikasimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Wengi walicheka wale wa foleni: umeuza macho kwa elfu saba?

Angalau wao walilipwa. Sisi tumenunua TV kwa pesa zetu, tukalipa Wi-Fi kwa pesa zetu, kisha tukatoa habari za nyumba bure kwa kubonyeza mara moja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inasema idhini lazima iwe ya wazi, ya hiari, kuhusu jambo mahususi, na iliyotolewa na mtu aliyeelezwa. Data ya mtoto inahitaji mzazi akubali. Pia una haki ya kuuliza kampuni ina nini kukuhusu, kukataa itumike, na kutaka ifutwe. Ukipuuzwa unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, na ofisi hiyo ina siku 90 kumaliza uchunguzi.

Sasa rudi kwa kochi la mathe. Nani alielezwa? Hakuna. Nani alikubali? Mimi, na data si yangu. Kampuni zina makosa yao: kurasa ndefu, Kiingereza cha mawakili, na kitufe cha 'Kubali zote' kikubwa kuliko vyote. Lakini mahali sheria ilimtaka mwenye nyumba aseme ndiyo au la, nilisimama mimi nikiwa na haraka ya kurudi kwa simu yangu. Kampuni haikuhitaji kumdanganya mathe. Ilikuwa na mimi.

Cha kufanya wikendi hii

Kwanza, jua kwamba zile kurasa si kitu kimoja. Masharti ya matumizi kwa kawaida lazima uyakubali ndio programu zifanye kazi. Kurasa za kufuatilia unachotazama na za matangazo ni za hiari. Ukizikataa, YouTube itacheza vile vile.

Kama ulishakubali, bado unaweza kurudi nyuma. Kwenye Samsung tafuta 'Viewing Information Services', kwenye LG tafuta 'Live Plus', kwenye nyingine ingia sehemu ya faragha. Majina hubadilika kulingana na mwaka wa TV, kwa hivyo soma kila kitufe. Zima pia matangazo yanayolenga mapendeleo yako.

Kisha ingia kwa rauta, ufungue mtandao wa wageni, uweke TV na visanduku huko, simu na kompyuta zibaki kwa mtandao mkuu. Kama TV iko mbali na rauta, tumia bendi ya 2.4GHz kwa sababu inapenya kuta vizuri. 5GHz ina kasi lakini huchoka haraka. Kisanduku kikikuambia uzime ulinzi wa Google ndio kifanye kazi, kichomoe, hata kama ni nusu ya pili na timu yako inaongoza.

Mimi nilirudi Umoja Jumapili iliyofuata. Nikaketi na mathe, tukafungua kurasa moja baada ya nyingine, nikamsomea kwa Kiswahili. Ilichukua karibu saa nzima. Ya kufuatilia vipindi alisema toa. Ya matangazo, toa. Tulipofika kwa maikrofoni ya rimoti nilikuwa tayari nimeanza kuizima, akanishika mkono.

"Hiyo ya sauti iache. Macho yangu haioni hizo herufi. Nikitaka kitu nitaiambia."

Nilitaka kubishana, nikakumbuka TV ni yake. Nikaiacha. Mara hii aliyekubali alikuwa yeye.