UCHAMBUZI: Kinga iliyokosekana kwenye theluji ya Alaska

BWANYENYE Petr Kellner alikuwa ndiye mtu tajiri zaidi katika Jamhuri ya Czech, mali yake ikikadiriwa kuzidi Dola bilioni 17 za Marekani. Aliaga dunia jioni ya Machi 27, 2021, akiwa na umri wa miaka 56, helikopta ilipogonga mlima karibu na barafu ya Knik katika jimbo la Alaska, Marekani. Pamoja naye walikufa mtalii mwenzake, waelekezi wawili na rubani. Mtalii wa tatu ndiye pekee aliyeopolewa akiwa hai.

Walikuwa katika safari ambayo Wazungu huiita mchezo, ijapokuwa gharama yake haiwezi kumudiwa na mchezaji wa kawaida. Helikopta huwapeleka wateja hadi kwenye kilele kisicho na barabara wala mtambo wa kuwapandisha. Nao huteleza kwa mbao zao za miguuni hadi bondeni, ambako ndege huwachukua tena kuwapeleka kilele kingine. Biashara hiyo ilianzishwa mwaka wa 1965 na mwelekezi Hans Gmoser katika milima ya magharibi mwa Canada. Alaska iliingia baadaye, lakini baada ya mji wa bandari wa Valdez kuandaa mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye miteremko mikali mnamo 1991, jina lake lilivuma kuliko yote.

Kinachowavuta huko ni bahari. Milima ya Chugach imepinda kufuata ufuo wa Ghuba ya Alaska, na pepo zenye unyevu zitokazo baharini hugongana nayo zikamwaga theluji kwa wingi usio wa kawaida. Katika njia ya Thompson, juu ya Valdez, ilipimwa theluji ya zaidi ya mita 24 katika msimu mmoja wa 1952-53. Theluji hiyo ya pwani huwa na majimaji, hivyo hung'ang'ania hata kwenye genge ambalo theluji kavu ya bara ingeporomoka. Mteremko ambao kwingine ungebaki mwamba mtupu, Alaska hugeuka uwanja.

Lakini bahari hiyo hiyo ndiyo huleta mawingu. Nuru inapotawanyika kati ya wingu jeupe juu na theluji nyeupe chini, vivuli hutoweka, na rubani hushindwa kutambua mlima unaishia wapi na anga inaanzia wapi. Hali huwa mbaya zaidi ndege inapotaka kutua, kwa kuwa upepo wa mapanga yake huipeperusha theluji laini ikaizingira kama vumbi la barabara ya murram nyuma ya lori. Rubani mzoefu hutafuta jiwe, mti au kijiti kilichochomekwa na mwelekezi ili jicho lipate pa kushika. Asipokiona chochote, hana budi kujiondoa mara moja, na kujiondoa huko ni ustadi unaofunzwa na kufanyiwa mtihani.

Hapo ndipo penye kiini cha mkasa huu. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilihitimisha kwamba rubani hakukabiliana ipasavyo na weupe huo uliomzingira. Haikuishia kwake. Ilisema mafunzo ya kampuni yake yalikuwa na upungufu, na kwamba mitihani aliyofanyiwa haikupima kama angeweza kujinasua katika hali kama hiyo. Mamlaka ya usafiri wa ndege ya nchi hiyo nayo ililaumiwa kwa kuuidhinisha mpango huo wa mafunzo na kutousimamia vyema.

Jambo la pili linatia uchungu zaidi. Ndege ilikoma kusonga mwendo wa saa kumi na mbili unusu jioni, mahali pasipofika kilomita 100 kutoka jiji la Anchorage. Giza lilikuwa limeingia wakati mabaki yalipoonekana, na manusura alikuwa bado kwenye mlima, amejeruhiwa na kuganda kwa baridi. Ripoti ilisema wazi kuwa majeraha yake yalizidi kwa sababu waokoaji walichelewa kuarifiwa.

Waswahili husema ajali haina kinga. Methali hiyo imekuwa ikitumiwa mno kuwafariji wafiwa, na pengine kuwaficha wasimamizi pia. Katika mkasa huu kinga ilikuwepo, tena isiyo ghali: somo kwa rubani, mtihani wa kweli, na mtu ofisini anayeitazama saa na kuinua simu ndege inapochelewa. Ikilinganishwa na bei ya safari yenyewe, gharama hiyo si kitu.

Ziko nchi zilizoamua kulikata shauri hili mapema. Ufaransa, kupitia sheria yake ya milima ya mwaka wa 1985, ilipiga marufuku kuwashusha watalii milimani kwa ndege kwa ajili ya burudani. Uswisi huruhusu, ila katika maeneo maalumu yaliyotengwa. Alaska ni vigumu kuiga mfano wa Ufaransa. Miji yake ya pwani hutegemea samaki, mafuta na watalii wa kiangazi, na wageni wa theluji hujaza vyumba vya hoteli wakati ambapo vingekuwa vitupu. Hata hivyo, katika mji wa Haines wakazi wamevutana kwa miaka kuhusu maeneo ya kuruhusu helikopta, baadhi wakihofia kelele na usalama wa mbuzi wa milimani.

Msomaji wa Kenya asidhani haya ni ya mbali. Helikopta ya Alaska ilikuwa ya aina ya AS350, familia moja na ile ya polisi iliyoanguka Ngong mnamo Juni 10, 2012, na kumuua waziri Prof George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na wengine wanne. Karibu zaidi na suala la utalii ni mkasa wa Machi 3, 2019, ambapo Wamarekani wanne na rubani wao Mkenya walifariki usiku katika Mbuga ya Kitaifa ya Central Island, Ziwa Turkana. Nao pia walikuwa wamefuata mandhari isiyo na barabara.

Kampuni zinazowapeleka wageni kwa helikopta Turkana, Mlima Kenya na Suguta zinajua bei ya kila safari hadi shilingi ya mwisho. Wasimamizi wa anga waziulize mambo mawili: rubani wao alipimwa lini mara ya mwisho katika hali ya kutoona, na baada ya dakika ngapi za kimya ndipo simu ya kwanza hupigwa.